Asidi ya butiriki haionekani kwenye siagi: kosa ni la siagi au langu?

Mkemia Mchanga:
Ndugu zangu, ninapima asidi za mafuta katika siagi kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, yaani mashine inayotenganisha viambato kisha kuvitambua kwa uzito wa vipande vyake. Nayageuza mafuta kuwa esta za methili (umbo jepesi la asidi hizo linalogeuka mvuke kwa urahisi) kwa methanoli na sodiamu methoksidi, nazivuta esta hizo kwa heksani (kiyeyushi kinachokauka upesi), kisha napuliza naitrojeni hadi heksani ikauke ndipo niyeyushe upya. Asidi za palmitiki, oleiki na steariki zinajitokeza vizuri, lakini ya butiriki, ambayo ni takribani asilimia 3 hadi 4 ya mafuta ya maziwa ya ng'ombe, haipo kabisa. Je, nimeuziwa majarini?

Mzee wa Maabara:
Usimshtaki muuza siagi kabla ya kujichunguza. Methili butireti huchemka kwenye nyuzijoto 102 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ulipokuwa ukiikausha heksani uliifukuza esta hiyo pamoja nayo. Chukua tabaka la heksani uliingize kwenye mashine moja kwa moja, wala usilioshe kwa maji mara nyingi, kwani esta hiyo huyeyuka kiasi majini.

Binti Spektra:
Naomba kuongezea. Wengi huiacha filamenti, waya wa moto unaozalisha ioni ndani ya spektrometa, imezimwa dakika za mwanzo ili heksani isiiharibu, na methili butireti, inayotoka mapema mno, hupita wakati mashine haioni kitu. Fupisha muda huo, anza na kolamu (mrija unaotenganisha viambato) yenye joto la chini, kisha tafuta ioni za masi 74, 71 na 43. Ukitaka kiasi cha kuaminika, tia kipimo cha kulinganishia, yaani kiasi unachokijua cha trigliseridi (molekuli ya mafuta yenye asidi tatu) ya asidi ya valeriki, kabla ya kugeuza mafuta, kwa sababu siagi karibu haina asidi hiyo, nayo itapotea kwa namna inayokaribiana na ya butiriki.

Mkemia Mchanga:
Ahsanteni sana, kilele cha asidi ya butiriki kimeonekana kwenye grafu, ila ni kidogo kuliko nilivyotarajia. Naweza kusema sasa kwamba siagi imechanganywa?

Mzee wa Maabara:
Bado, maana kiasi hicho hubadilika kwa malisho na majira. Pima steroli, kundi la viambato vya mafuta linalotofautiana kati ya wanyama na mimea: mafuta ya maziwa yana kolesteroli, na beta-sitosteroli ikijitokeza kwa wingi, mafuta ya mimea yameingia. Asidi ya palmitiki usiitegemee, kwa kuwa imejaa katika mawese na katika siagi halisi pia. Kama kilichotiwa ni shahamu ya ng'ombe, steroli hazitakusaidia, kwa kuwa nayo ina kolesteroli. Itakubidi uchunguze trigliseridi zenyewe zikiwa nzima.