Jiko la Babu: kilo au urithi?

*Kikundi: Wajukuu wa Soni*

Hadija: Shikamooni wakubwa. Niko Soni kwa Shangazi, tunatoa mizigo kwenye stoo ya nyuma. Tumekutana na hili. [picha 4] Kijana wa vyuma chakavu kashafika, anataka kulichukua kwa Sh 700 kilo. Anakadiria kilo 90. Nimemwambia asubiri kwanza.

Anko Rashidi: Marahaba. Mwambie aondoke kabisa! Hilo ni jiko la Mjerumani. Lushoto yote waliiita Wilhelmstal enzi zao, mambo yao yalibaki humo majumbani.

Dulla: Anko, mbona kama geti lililoota miguu 😂

Anko Rashidi: Angalia picha ya tatu. Mguu una maandishi. Kuna mwenye hoteli ya wageni huku Lushoto anatafuta vitu vya kale vya Kijerumani, namjua.

Salimu (Edmonton): Asalaam alaykum jamani. Huku majiko ya kuni yanapendwa sana, ila liwe na jina la kiwanda. La kujitengenezea nyumbani, lisilo na kibati cha ukaguzi, kampuni za bima hazitaki hata kulisikia. Hadija, tafuta jina. Milangoni, nyuma, chini ya sahani za juu.

Hadija: Mlango wa oveni umeandikwa DOVER, herufi zimeinuka.

Salimu (Edmonton): Basi ni la Mwingereza hilo!! Dover wazungu wa mashamba walikuwa nayo kila mahali, Kenya hasa.

Anko Rashidi: Mguu Mjerumani, mlango Mwingereza. Haya.

Dulla: Jiko lina uraia pacha

Hadija: Baba Mdogo Athumani yuko wapi? Yeye ndiye fundi.

Baba Mdogo Athumani: Nipo, nilikuwa msikitini. Nimeziona picha. Hadija mwanangu, chukua chaki, ilaze ubavu uisugue juu ya yale maandishi ya mguuni. Usipige grinda wala brashi ya waya, utayala. Kisha piga picha ukiwa na tochi imelala pembeni, isimulike moja kwa moja.

Hadija: [picha] Naona PP, halafu 190 na tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu.

Baba Mdogo Athumani: Sawasawa. Hicho si kiguu cha jiko, ni kipande cha reli kilichokatwa. Reli hubeba maandishi ubavuni tangu kiwandani: aliyeifua, mwaka, na mara nyingi uzito wake. PP hiyo yaweza kuwa mwisho wa jina Krupp, kiwanda cha chuma cha Essen, Ujerumani, walifua reli nyingi sana. Njia ya reli ya Tanga ilianza 1893, ikafika Mombo 1905, Moshi 1911. Kwa hiyo reli ya miaka hiyo kupatikana Mombo si ajabu.

Anko Rashidi: Si nilisema!

Baba Mdogo Athumani: Ulichosema ni umri wa reli, Rashidi. Umri wa jiko ni habari nyingine. Hadija, kwenye kona mabamba yameunganishwaje? Kwa ribiti, zile pini za kugongea, au yamechomelewa?

Hadija: Yamechomelewa. Kuna mstari kama magamba ya samaki. Lakini upande wa kushoto kuna matundu ya ribiti yamezibwa.

Baba Mdogo Athumani: Hapo ndipo penyewe. Magamba yale ni ya kuchomelea kwa umeme, kwa vijiti. Mjerumani aliondoka huku wakati wa vita vya kwanza, na siku hizo mtu aliyejenga kitu cha chuma alipiga ribiti. Matundu yaliyozibwa maana yake bamba lenyewe lilitoka kwenye kitu kingine cha zamani. Lina unene gani?

Hadija: Kama milimita sita hivi.

Baba Mdogo Athumani: Nene. Tangi au boila. Hili limetengenezwa karakana ya reli Tanga, na aliyelitengeneza ni marehemu Baba mwenyewe. Uchomeleaji wake naujua, alikuwa anamalizia kwa kurudi nyuma kidogo.

Salimu (Edmonton): SubhanAllah. Babu kwa mikono yake.

Dulla: Swali: hivyo vyuma vya shirika la reli alipewa au "alipewa"?

Shangazi Mwanahawa: Dulla nimekusoma. Alinunua kwenye mnada wa chakavu, na risiti aliiweka kwenye Msahafu. Ilikuwa kabla shirika la Afrika Mashariki halijavunjika 77.

Dulla: Shikamoo Shangazi 🙏

Shangazi Mwanahawa: Marahaba. Mlango ni wa jiko la mzungu wa mkonge. Alipoondoka, mpishi wake aliachiwa jiko limepasuka ubavu. Baba akauchukua mlango tu.

Baba Mdogo Athumani: Imeisha hiyo. Dover ni chuma cha kumimina, kikipasuka hakichomelewi ovyo, ukikipeleka kwa fundi wa mageti kinapasuka tena pembeni ya mchomeleo. Hadija, ugonge mlango kwa kijiti. Ukilia kama kengele ni mzima. Ukilia bovu, una ufa.

Hadija: Unalia vizuri. Kuna kamba nyeupe imezunguka mlango, imechakaa, naibandua?

Baba Mdogo Athumani: ACHA. Usiikwangue. Kamba za zamani za milango ya moto nyingi ni asbesto, vumbi lake linaharibu mapafu. Iloweshe maji, iache hapo hapo, watoto wasiichezee.

Salimu (Edmonton): Sasa bei?

Anko Rashidi: Nimeshaongea na mwenye hoteli. Atatoa laki nne kama ni la Kijerumani.

Hadija: Si la Kijerumani Anko.

Anko Rashidi: Miguu ni ya Kijerumani. Sijadanganya.

Baba Mdogo Athumani: Rashidi, usituletee aibu. Mwambie kama lilivyo: reli ya Mjerumani, mlango wa Mwingereza, fundi Msambaa. Mtu wa hoteli habari hiyo atawasimulia wageni mwaka mzima.

Anko Rashidi: Ngoja nimpigie.

Salimu (Edmonton): Jamani msiliuze. Huu ni urithi. Mimi nachangia bomba jipya la moshi, tuliwashe kila Idi.

Baba Mdogo Athumani: Bomba lisiwe la mabati ya zinki karibu na moto, likishika joto kali lile zinki linatoa moshi mbaya.

Shangazi Mwanahawa: Urithi gani Salimu? Njoo uupasulie kuni. Mimi nimelipikia tangu binti mpaka mvi. Asubuhi ya baridi ya Soni linachukua saa nzima kushika moto, mkono huu una alama mbili za mlango wa mzungu wenu. Masizi nimeyavuta mimi, si nyinyi mliokuwa mnakuja likizo kula boflo.

Salimu (Edmonton): Samahani Shangazi.

Shangazi Mwanahawa: Sijakasirika. Mikate yake ilikuwa mizuri, sikatai, oveni ile inashika moto sawa pande zote. Lakini mimi nataka la gesi, plate mbili, na mtungi mkubwa.

Anko Rashidi: Nimempigia. Nimemwambia ukweli wote, hata mnada. Amecheka. Anatoa 280,000 na anataka picha ya Mzee aiweke ukutani juu yake.

Hadija: Mara nne na zaidi ya yule wa kilo.

Dulla: Na dalali anachukua ngapi Anko?

Anko Rashidi: Dalali ni mjomba wako, anachukua dua tu.

Baba Mdogo Athumani: Picha ya Mzee apewe nakala. Ile ya fremu haitoki.

Hadija: Analifuata lini? Sisi hatuwezi kulibeba, tumelisukuma watatu halikutingishika.

Anko Rashidi: Jumamosi, anakuja na pikapu na vijana wanne.

Shangazi Mwanahawa: Hela kwanza ndipo walipakie. Na trei za mikate hazimo kwenye bei hiyo.