Nyaraka za babu aliyekuwa KAR: tuanzie Dar, Nairobi au London?

Mjukuu_wa_Songea: Wakubwa shikamooni. Babu mzaa baba alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika wa huku chini ya Mwingereza), akarudi, akafariki kijijini. Cheti chake cha kutoka jeshini kililiwa na mchwa. Tumebaki na nishani yake ya vita, nyota ya shaba, tena haina jina. Fedha niliyonayo ni ya safari moja tu. Niende Nyaraka za Taifa hapa Dar, Nairobi, au nilipie mtafutaji London?

Mzee wa Moi Avenue: Nairobi, mjukuu wangu. Kamandi ya Afrika Mashariki makao yake yalikuwa huku, na Nyaraka za Taifa za Kenya zipo katikati ya mji.

binti_karani: Kwa heshima, mzee, huko mtu hupata zaidi barua za maDC (wakuu wa wilaya wa kikoloni) kuhusu kuandikisha watu. Faili la askari mmoja mmoja ni bahati. Mwingine atakwambia uingie tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni bure, ila imeorodhesha waliokufa vitani tu. Inawafaa wenye ndugu waliozama na meli ya askari ya Khedive Ismail Februari 1944. Wengi majina yao yapo kwenye mnara ndani ya makaburi ya vita Nairobi. Babu yako alirudi, hayumo.

Sajini Mstaafu: Kutokuwa na jina si ajabu, nyota za Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walizitoa hivyo hivyo. Utepe ni rangi gani?

Mjukuu_wa_Songea: Umepauka, afande, ila katikati ni mwekundu, pembeni bluu nzito yenye mstari wa chungwa.

Sajini Mstaafu: Hiyo ni nyota ya vita vya Bama (Burma, leo Myanmar). Nyota ya Afrika utepe wake una rangi ya mchanga. Sasa usisafiri kwanza, tafuta batalioni. Kwenye Divisheni ya 11 iliyopita Bonde la Kabaw huko Bama mwaka 1944, batalioni za Tanganyika zilikuwa 26 na 36. Waulize wazee.

binti_karani: Naunga mkono. London, pale Kew kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, shajara za vita za vikosi vya Bama (kumbukumbu za kila siku za kikosi) zipo kundi la mafaili liitwalo WO 172. Usitarajie jina la babu. Zinataja maofisa, askari wanahesabiwa tu. Lakini zinasema kikosi kililala wapi na kilipigana siku gani. Mtafutaji ukimpa "KAR" peke yake atakula hela yako bure.

Mjukuu_wa_Songea: Nimempigia shangazi. Anasema babu akilewa alikuwa akipiga saluti na kujiita "thati siksi". Sisi tulidhani ni jina la pombe!

Sajini Mstaafu: 😂 "Thirty-six", ndiyo 36 KAR hiyo.

binti_karani: Basi lipia Kew: shajara ya 36 KAR, WO 172, mwaka 1944, wapige picha kurasa zote. Dar nenda baadaye kwa daladala, ukaulize mafaili ya wilaya.

Mzee wa Moi Avenue: Haya, nimeshindwa. Ila ukija Nairobi, chai ipo.