Gari umelinunua, nguvu zake unakodishiwa kwa mwezi. Huu ni unyonyaji!

Wakuu, hili limenikera kiasi kwamba siwezi kulinyamazia.

Volkswagen wanauza gari la umeme liitwalo ID.3 Uingereza. Mwaka 2025 ikajulikana kwamba baadhi ya matoleo yana mota ya nguvu farasi 228, ila mnunuzi anakabidhiwa 201. Zile 27 zimefungwa kwa programu. Akizitaka alipe pauni 16.50 kila mwezi, au 649 kwa mkupuo. Hakuna fundi anayefungua boneti, hakuna kifaa kinachobadilishwa. Mota ni ileile, betri ileile, na zote kashazilipia.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba gari limesajiliwa kwa 228 tangu linatoka kiwandani. Yaani kwa watu wa bima nguvu hizo ni zako, ukikanyaga pedali si zako!

Na msiniletee habari za usalama. Mota isingehimili, wasingekuuzia nguvu hiyo kwa bei yoyote.

Haya, utasema uende kwa fundi wa nje. Waulize wenye Tesla Model 3 ya mota mbili. Mwishoni mwa 2019 Tesla walianza kuuza ongezeko la kasi kwa dola 2,000, programu tupu. Kampuni ndogo ya Kanada, Ingenext, ikatoa kifaa cha kufanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu. Mwaka 2020 ikaja apdeti, na waliokifunga wakakuta onyo kwenye skrini: gari lina marekebisho yasiyooana nalo, linaweza kuharibika au kuzima. Gari liko uani kwako, lakini mtu wa Tesla aliye Marekani ndiye anakupangia ufunge nini ndani yake!

Sheria nayo inatia hasira. Marekani, kwa uamuzi wa 2015, ilimruhusu mwenye gari kuvunja kufuli la programu ili alitengeneze au alirekebishe kihalali. Lakini ruhusa hiyo haimlindi anayeuza kifaa cha kulivunja. Sasa ni wenye magari wangapi wanaojua kuandika programu?

Nguvu iliyosajiliwa ikabidhiwe pamoja na funguo. Fundi naye aachwe auze kifaa chake hadharani. Kikiunguza mota, kampuni ikatae waranti ya mota hiyo, basi.

Wenye ID.3 mlioko Uingereza, semeni hapa: mmelipa au mmegoma? Mimi nasema msitoe hata pauni moja.