Salmonela ndani ya makrofeji: ripota ya SOS inafifia badala ya kuwaka

Bwana_Peptidi
Wakuu, naomba mchango. Nina Salmonela wenye promota (swichi ya jeni) ya sulA, jeni inayowashwa na SOS, yaani mwitiko wa bakteria DNA yake inapoumia; swichi hiyo imeunganishwa na GFP, protini inayong'aa kijani. Kwenye mirija, mitomaisini C (dawa inayoumiza DNA) mikrogramu 0.5 kwa mililita inawawasha vizuri, LL-37 (peptidi ya kinga inayoua bakteria) mikromola 5 kidogo tu. Wakishamezwa na makrofeji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) za panya, aina ya RAW 264.7, mwanga unashuka kuliko wa mwanzo. Seramu ni asilimia 10, jentamaisini (antibiotiki ya kuua bakteria waliobaki nje ya makrofeji) mikrogramu 100 kwa mililita muda wote. Ina maana DNA haiumii humo ndani?

Kaka_Plasmidi
Mkuu, usiilaumu DNA kabla ya kuikagua GFP. Kifuko anamokaa Salmonela hushuka hadi pH 5 hivi, na ndani ya bakteria mwenyewe huchachuka pia. GFP zinazotumika sana maabara, kama EGFP, hupoteza karibu nusu ya mwanga kwenye pH 6. Pasua makrofeji kwa Triton X-100 (aina ya sabuni) asilimia 0.1, suuza bakteria kwa PBS (maji ya chumvi yanayodhibiti pH) ya pH 7.4, ndipo usome. Mwanga hurudi. Ongeza pia mCherry (protini inayong'aa nyekundu) inayowaka muda wote, ugawanye GFP kwa mCherry.

Dada_Hadubini
Kugawanya kwa mCherry kunarekebisha idadi ya bakteria, si asidi. mCherry haijali pH hiyo, kwa hiyo PBS ni lazima.

Jentamaisini: 100 kwa saa 1, kisha 10. Ukiacha 100 usiku kucha, inapenya makrofeji na kuua uliowakusudia kuwasoma. Ambukiza kwa bakteria waliooteshwa usiku kucha hadi wakaacha kukua, 10 kwa kila makrofeji; wanaokua kwa kasi huziua makrofeji mapema mno.

LL-37 nayo hunaswa na seramu na hung'ang'ania plastiki ya polistirini. Tumia polipropilini, na seramu asilimia 1 au pungufu. Halafu kwa unyevu huu wa Dar, kichupa cha unga wa LL-37 kikitoka kwenye friza kiache kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa, la sivyo unga utanyonya maji na mikromola 5 (mikrogramu 22 hivi kwa mililita) itakuwa ya kukisia.

Mzee_RecA
Hata ikiwaka, usiseme ni peptidi. Makrofeji pia humwaga oksijeni kali na naitriki oksaidi, na zote huvunja DNA. Tena RAW hutengeneza CRAMP, ndugu wa LL-37 kwa panya; LL-37 yenyewe ni ya binadamu. Unahitaji bakteria wasio na recA (jeni inayoanzisha SOS), wengine wenye lexA isiyokatika (kizuizi cha SOS kisichoondoka), na makrofeji zisizo na jeni ya CRAMP. Hapo ndipo utajua nani kapiga.

SulA huzuia FtsZ, protini inayogawanya seli, kwa hiyo bakteria hurefuka kama nyuzi. Hapa wengi hudanganyika: uzi mmoja wenye kromosomu kadhaa hutoa koloni moja. Hesabu ya koloni ikishuka, angalia kwanza hadubini kabla ya kuandika kwamba wamekufa.

Bwana_Peptidi
Shukrani wakuu. Triton nikiiacha dakika 10 haitoboi Salmonela wenyewe?

Dada_Hadubini
Kwa asilimia 0.1, hapana, utando wao wa nje unaihimili. Ila weka mrija wa bakteria ambao hawajamezwa, upitie Triton hiyohiyo, uhakikishe koloni hazipungui.