Doom ya 1993 kwenye kompyuta dhaifu: Chocolate Doom, Crispy Doom au GZDoom?

Swali
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuicheza Doom, ule mchezo wa kompyuta wa kupiga risasi, kama ilivyotoka Desemba 1993, ila kompyuta yangu ya mkononi ina kadi dhaifu ya michoro. Tangu id Software, watengenezaji wake, walipouweka wazi msimbo wake mwaka 1997, zimetengenezwa injini (programu za kuuendesha mchezo) nyingi mno hata nimeshindwa kuchagua. GZDoom, inayosifiwa kila mahali, hukwama kwangu kwenye ramani kubwa, tena nilipogundua kwamba naweza kuruka na kutazama juu nilihisi nacheza mchezo mwingine kabisa. Nitumie ipi?

Jibu la 1
Mkuu, hujakosea. Doom ya awali haina kuruka, na ramani zake zilipangwa kwa mchezaji asiyeweza kupanda kizuizi kirefu, kwa hiyo anayeruka huzipita njia ambazo mtunzi alikusudia azitafute. Chocolate Doom huiga programu ya awali ya DOS (mfumo wa kompyuta wa zamani) pamoja na kasoro zake: picha ya 320 kwa 200, fremu 35 kwa sekunde, na hata ile mipaka ya ndani inayoufanya mchezo ukatike ghafla ukifungua ramani iliyojaa mambo mengi. Mimi ningekushauri Crispy Doom, iliyotokana na hiyohiyo. Inaongeza ukali wa picha, inaondoa mipaka hiyo na kuulainisha mwendo, ilhali mapigano yenyewe yanabaki yaleyale. Na kwa kuwa michoro yake hufanywa na prosesa, kadi dhaifu haitakusumbua.

Jibu la 2
Naafiki, lakini tusiionee GZDoom. Kuruka na kutazama juu huzimwa kwenye mipangilio, na kazi nyingi za mashabiki zilizoandikwa kwa ZScript, lugha ya programu ya GZDoom, hazifunguki nje ya GZDoom na jamaa zake. Vilevile angalia ramani unazotaka zimetengenezewa nini: zile za kiwango cha Boom, injini ya zamani iliyotoka mwaka 1998 na kuwaongezea watunzi wa ramani uwezo, hazitaenda sawa kwenye Crispy Doom. Kwa hizo tumia injini nyingine, DSDA-Doom, ambayo pia hucheza rekodi za zamani za wachezaji kwa usahihi, jambo ambalo GZDoom haiwezi.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Crispy Doom imekubali bila kukwama, na nimemaliza ramani tatu za kipindi cha kwanza. Ile seti yangu kubwa imeandikwa kwamba inahitaji Boom, hivyo nitaifungulia DSDA-Doom. Je, michezo niliyohifadhi kwenye GZDoom inaweza kuhamishwa?

Jibu la 2
Haiwezi, mkuu. GZDoom ina muundo wake wa kuhifadhi. Itakubidi uanze upya.