Saiga wamefika mamilioni: Kazakhstan iwavune au iwaache?

Mtu wa Nyika (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Leo naleta mada ya mbali, ila ndugu wa Bunda, Longido na Taveta wataielewa haraka kuliko wengine.

Kazakhstan ndiyo kubwa kuliko nchi zote zisizopakana na bahari kuu. Ina kilomita za mraba milioni 2.7, karibu Tanzania tatu, na watu wapatao milioni 20 tu. Sehemu kubwa ni nyika, nyasi mpaka macho yachoke. Humo anaishi saiga, swala wa kimo cha mbuzi mwenye pua nene inayoning'inia, utadhani alianza kuumbwa tembo kazi ikaachwa njiani. Pua ile ina kazi: inachuja vumbi wakati wa joto na kupasha hewa ya baridi kabla haijafika mapafuni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa karibu milioni moja. Muungano wa Kisovieti ukavunjika, mishahara ikakatika vijijini, mpaka wa China ukafunguka, na pembe ya saiga huko ni dawa yenye bei. Kufikia 2003 walibaki kama 21,000. Uwindaji ulishapigwa marufuku tangu 1999, lakini marufuku bila askari wa wanyamapori ni karatasi tu. Baadaye serikali na mashirika ya uhifadhi wakaanzisha mpango wa Altyn Dala, hifadhi zikaongezwa, doria zikaongezwa. Mwaka 2019 askari wawili waliuawa na majangili wa saiga. Mnyama huyu hakurudi bure.

Sasa wamejaa. Hesabu ya 2022 ilivuka milioni 1.3, ya 2024 ikavuka milioni 2.8. Desemba 2023 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ikamtoa kwenye daraja la walio ukingoni mwa kutoweka. Lakini kabla hata tangazo hilo halijatoka, serikali ilikwishaanza kuwaua: kiasi cha 42,000 hadi zoezi liliposimamishwa Januari 2024. Mwaka 2025 wakaanza tena. Wanasema ni kudhibiti idadi.

Msimamo wangu: ni mapema mno. Mnyama anayeweza kupoteza laki mbili kwa wiki tatu hana ziada ya kuvunwa. Naomba kuwasilisha.

Bunda Juu:
Mkuu, umeandika vizuri, ila umeandika kama mtu ambaye hajawahi kulinda shamba usiku. Zaidi ya nusu ya hao saiga wako magharibi, upande wa mto Ural kuelekea mpaka wa Urusi, na huko kuna wafugaji. Nyasi zao si za kulishia leo tu. Wanazikata kiangazi, wanazikausha, wanazirundika kwa ajili ya baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri. Kundi la saiga elfu kumi likipita juu ya nyasi hizo Juni, mfugaji anajua tayari ng'ombe yupi hatafika Machi.

Na Wakazakh wana neno lao, jut. Theluji inayeyuka kidogo, inaganda tena kuwa barafu, mifugo inakwaruza kwa kwato mpaka inakufa njaa huku nyasi ziko chini ya miguu yake. Jamii yenye kumbukumbu hiyo huwezi kuiambia nyasi zilizoliwa ni hasara ndogo.

Mimi tembo walinilia ekari mbili za mahindi. Kifuta jasho kilinifikia mtoto aliyekuwa darasa la tano ameshamaliza la saba. Halafu mtu wa mjini ananiambia tembo ni urithi wa dunia. Sawa, dunia ilete magunia.

Nauliza Tu:
Hiyo laki mbili kwa wiki tatu ni ya risasi au ya nini?

Daktari wa Ng'ombe:
Si risasi. Mei 2015, uwanda wa Betpak-Dala katikati ya nchi. Saiga majike hukusanyika kwa maelfu kuzaa, wote ndani ya siku chache, wengi wakizaa mapacha. Mwaka ule walianza kudondoka wakiwa kwenye kuzaa. Walikufa mama kwanza, kisha ndama waliokuwa wananyonya. Kuna makundi ambayo hakubaki hata mmoja. Jumla zaidi ya 200,000, zaidi ya nusu ya saiga wote waliokuwepo duniani.

Aliyewaua ni bakteria aitwaye Pasteurella, na hapa ndipo watu huchanganya. Hakuletwa na mtu wala ng'ombe. Huyu hukaa kooni mwa saiga wazima siku zote bila shida. Siku zile joto na unyevunyevu vilipanda kuliko kawaida, naye akageuka akaingia kwenye damu. Hali kama hiyo iliwahi kutokea 1981 na 1988.

Kwa hiyo mleta mada ana hoja, ila aitumie kwa uangalifu. Kilichowaua ni hali ya hewa, na hali ya hewa haiulizi kama mko laki tatu au milioni tatu. Anayesema "tuwapunguze wasije wakaugua" hana ushahidi. Anayesema "tusiwaguse kwa sababu wataugua" naye anasahau kwamba kundi kubwa ndilo lenye wa kubaki.

Mzee wa Ikoma:
Vijana, sisi tuliwaona nyumbu. Mwaka 1961 Serengeti ilikuwa na nyumbu kama laki mbili na nusu, sotoka ilikuwa imewaelemea. Ng'ombe wa pembezoni wakachanjwa, sotoka ikaisha, na kufikia 1977 nyumbu walikuwa milioni 1.3. Kuna waliotabiri nyika itageuka jangwa. Hakuna serikali iliyopiga risasi elfu arobaini. Nyasi zenyewe ziliwasimamisha: kiangazi kikali wanakufa wengi, mvua nzuri wanapona wengi. Wakazakh wasubiri.

Bunda Juu:
Shikamoo mzee. Lakini usimalizie hadithi katikati. Nyumbu walipata nafasi ya kuongezeka ndani ya hifadhi ambayo Wamaasai waliondolewa 1959 wakapelekwa Ngorongoro. Hakukuwa na mtu wa kukata nyasi mle. Huko Ural unamwambia mfugaji asubiri nyasi zimsimamishe saiga, wakati nyasi hizo hizo ndizo zinamsimamisha yeye na watoto wake. "Waache asili iamue" ni rahisi kusema ukiwa umeshawahamisha watu.

Mzee wa Ikoma:
Marahaba. Hapo umenishika kidogo.

Almaty Baridi:
Niko huku Almaty nasoma, mwaka wa tatu. Nimepita kwa wenzangu Wakazakh darasani; wa mjini wengi wanasema kama mleta mada, mmoja ambaye baba yake ana farasi upande wa magharibi alinicheka tu.

Mnasahau pembe. Saiga dume pekee ndiye mwenye pembe. Majangili wa miaka ya 90 walipiga madume, wakapiga, mpaka majike yakafika msimu wa kupandwa hakuna dume. Uzazi ukaporomoka. Kwa hiyo hawakuisha kwa risasi tu, waliisha pia kwa kukosa kuzaliwa. Na msije mkadhani ni dhambi ya majangili peke yao: wakati ule wapo wahifadhi waliopigia debe pembe ya saiga kama mbadala wa pembe ya faru, ili faru wetu wa Afrika wapumue. Mzigo wa faru ukahamishiwa kwa saiga.

Ndiyo maana neno "kuvuna" linanitia shaka. Mwaka 2022 mpango wa kupunguza saiga ulipozungumzwa, Rais Tokayev mwenyewe aliupinga. Mwaka uliofuata ukapita. Nyama inakuja na ngozi inakuja, ila kila dume aliyeuawa anaacha pembe mbili, na pembe inahifadhika miaka. Siku soko likifunguka, nani atakubali kusimamisha zoezi?

Jambo lingine. Hiyo milioni 2.8 ni makundi matatu yaliyojumlishwa. Kuna la Ural, kuna la Betpak-Dala, na kuna la Ustyurt kusini-magharibi ambalo mwaka 2015 lilibaki na saiga wapatao 1,300. Hawa walizoea kuvuka kwenda Uzbekistan majira ya baridi. Wakawekewa uzio wa mpakani, kisha reli. Ukisema "saiga wamezidi" unamaanisha wapi?

Nauliza Tu:
Kumbe. Mimi nilidhani ni kundi moja linazunguka.

Mtu wa Nyika:
Nakubali, swali langu lilikuwa pana mno. Nilipaswa kuuliza juu ya Ural peke yake. Nabaki na hili: kama lazima wapunguzwe Ural, asiguswe dume hata mmoja kwa ajili ya pembe, na hesabu ya madume kwa majike itangazwe kabla ya bunduki kutoka. Ustyurt hapana kabisa.

Bunda Juu:
Hapo tunaelewana nusu. Mwanafunzi, ukipata likizo panda treni uende Oral, ule mji wanaouita pia Uralsk. Mtafute mfugaji mmoja umuulize: akilipwa nyasi zake kabla ya baridi kuingia, bado atataka saiga wauawe? Sitaki jibu la mjini, nataka lake. Mtuletee hapa hapa.

Almaty Baridi:
Kaka, Almaty hadi Oral ni kama siku mbili kwenye treni. Nitaenda Mei, nikawaone na wanavyozaa.