Naombeni ushauri: Ni mzee wa kanisa, ukoo unataka nimrithi mke wa marehemu kaka yangu

Baridi ya Isongole (mleta uzi)

Wakuu salaam. Naandika hapa kwa sababu watu ninaoweza kuwauliza uso kwa uso wote wana upande.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Mbeya mjini, dhehebu sitalitaja. Kwetu ni Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Nina mke wa ndoa ya kanisani na watoto. Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka jana, akaacha mke na watoto watatu, nyumba, shamba la chai, migomba, na miparachichi ambayo ndiyo kwanza imeanza kuzaa. (Bila hiyo miparachichi sidhani kama uzi huu ungekuwepo, lakini tuendelee.)

Baada ya kuanua matanga baba wadogo waliitisha kikao. Wakasema mji wa kaka hauwezi kukaa bila mwanaume, na kwamba ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi la babu, kwa hiyo yule ni mke wa ukoo. Mrithi wakanitaja mimi. Nilipowaambia nina mke na ni mzee wa kanisa, baba mdogo mmoja, Mkristo wa siku nyingi na mwanakwaya, akafungua Biblia Kumbukumbu la Torati 25 akasoma pale ndugu anapoambiwa amwoe mke wa marehemu. Akasema mila na Neno vimekubaliana, mimi nakataa kwa kiburi cha mjini tu. Wazee wakacheka sana.

Baadaye wakalegeza. Si lazima nilale kwake, nitamke tu mbele ya ukoo kwamba mji ule ni wangu na mwenye mji ule ni wangu, mengine nitajua mwenyewe. Nisipotamka, hawasaini muhtasari wa kikao cha ukoo. Bila muhtasari, wanasema, mirathi haifunguliwi na hela za marehemu benki zitakaa hukohuko.

Nikaenda kwa mchungaji. Alinisikiliza vizuri, tukaomba, kisha akanishauri nisilifikishe kwenye baraza la wazee. "Kubali kwa jina, yaishe." Ukoo wetu ndio uliotoa bati za kanisa la kijijini, nadhani mmenielewa.

Naombeni ushauri. Je, kukubali kwa jina tu ni kuvunja imani kweli, au ni heshima kwa wazee? Na nikikataa, watoto wa kaka nitawalindaje? Wa matusi pitieni uzi mwingine.

Kitimoto Mwanjelwa

Mkuu, ungeanza na picha ya shemeji tukupe ushauri wa uhakika.

Mjukuu wa Rungwe

Huyo hapo juu msamehe bure.

Pole sana mkuu. Naanza na baba mdogo wako mwanakwaya. Mwambie arudi kwenye hiyohiyo Kumbukumbu 25 asome mstari wa 5 taratibu. Ile amri ni ya ndugu aliyekufa bila kuacha mwana, ili jina lake lisifutike katika Israeli. Kaka yako ana watoto watatu, jina lake liko shuleni linaitwa kila asubuhi. Halafu asome mpaka mstari wa 10. Hata huko Israeli mwanaume aliruhusiwa kukataa. Alivuliwa kiatu na kutemewa mate usoni mbele ya wazee, aibu kubwa, ila hakuna aliyemlazimisha. Na anayekwenda langoni kushtaki ni mjane mwenyewe. Hakuna mstari unaosema baba wadogo walikwenda kumdai.

Wazee wetu wengi wanalisoma Agano la Kale kwa kuchagua. Nguruwe wanakula, ndugu kurithi mke wanakumbuka.

Mwalimu wa Mafinga

Kamwene mleta uzi. Mimi nina mawazo tofauti kidogo, msinishambulie.

Hawa wazee si maadui. Enzi zile mjane bila mwanaume wa ukoo alikuwa hana ardhi, hana mtetezi barazani, watoto wake wanatawanywa kwa ndugu. Kurithi mjane ndiyo ilikuwa bima yake. Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891, Wamoravian na wale wa Misheni ya Berlin, walikuta utaratibu unaofanya kazi, na kanisa lilipoukataza halikuleta kitu kingine mezani. Kwa hiyo ukisema "mimi nimeokoka, sirithi" halafu ukapanda Coaster kurudi Mbeya, umetii Biblia lakini mjane umemwacha porini.

Na kuhusu "kwa jina", soma 2 Wafalme 5:18. Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma, alimwomba nabii Elisha ruhusa ya kuinama katika nyumba ya sanamu Rimoni akiwa na bwana wake, na Elisha akamjibu aende kwa amani. Mungu anajua moyo. Ukitamka kwa mdomo ili mirathi ifunguke, watoto wakasoma, sioni moto wa jehanamu hapo.

Bonde la Usangu

Mwalimu, hoja ya bima nakupa mia. Ya Naamani sikubaliani nayo hata kidogo.

Naamani alikuwa Mwaramu aliyeamini juzi, anarudi peke yake kwenye nchi ya sanamu, na alisema wazi kwamba anaomba msamaha. Hakuwa kiongozi wa mtu yeyote katika imani. Mleta uzi anashika kikombe cha Meza ya Bwana. Mfano wake ni Petro kule Antiokia, Wagalatia 2 kuanzia mstari wa 11. Petro alikula na watu wa Mataifa bila wasiwasi mpaka walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga kwa kuwaogopa waliotahiriwa. Hakuhubiri uongo wowote. Alibadilisha meza tu, wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa. Paulo akamkemea mbele ya wote kwa sababu kosa la kiongozi halibaki kwake.

Sasa fikiria. Wewe ukitamka "kwa jina", nani atajua ni kwa jina? Mjane wa nyumba ya pili ataambiwa: hata mzee wa kanisa kutoka mjini amekubali, wewe ni nani? Huko kwetu Mbarali nimeliona hilo. Mtu alikubali kwa jina, wenzake wakarithi kwa vitendo.

Na huyo mchungaji wako mwenye bati... mimi ni Mmoravian, kanisa letu tunasema mizizi yake ni wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia. Mwaka 1415 kule Konstanz waliomhukumu walimpa nafasi ya kukana maandiko yake ili asichomwe moto, akakataa. Sisi tunashindwa na bati geji 30!

Kitimoto Mwanjelwa

Geji 30 siku hizi bei yake unaijua lakini?

Mama Parachichi

Nimesoma uzi wote kuanzia juu mpaka hapa. Naamani yupo, Petro yupo, Hus yupo, bati zipo, ng'ombe wapo. Shemeji hayupo. Hakuna mwanaume hata mmoja humu aliyeuliza yeye anataka nini.

Mimi ni mjane, nipo Busokelo. Nilipofiwa nilikalishwa jikoni na shangazi zangu wa kwa mume huku wanaume wakijadili sebuleni nani anichukue, kama wanagawana majembe. Na waliokuwa sebuleni wote walikuwa wabatizwa. Aliyenisaidia hakuja na mahubiri. Alikuwa shemeji yangu mdogo, aliyesimama akasema: "Mimi simrithi, na atakayemrithi apite kwangu kwanza. Chai ya kaka nitaisimamia mpaka mtoto wa kwanza amalize shule, hela inakwenda kwa mama yao." Basi. Walimnunia muda mrefu, kwenye misiba wakawa hawampi hata kiti. Leo hao hao wanamwita awasuluhishe.

Mdogo wangu, mjibu dada yako maswali haya. Umeongea na shemeji yako mwenyewe, wewe na mkeo mkiwa pamoja? Mkeo anajua kwamba mchungaji amekushauri hivyo? Na ninyi nyote mnaoongelea dhambi, mbona hakuna anayetaja afya? Mikoa yetu hii, Njombe, Iringa na Mbeya, ndiyo imekuwa juu kwa maambukizi ya Ukimwi nchini. Utafiti wa 2016 na 2017 ulikuta Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima. Watu wanarithi hata bila kupima.

Baridi ya Isongole

Mama, nimekusoma mara mbili. Mke wangu anajua kila kitu. Jibu lake lilikuwa fupi na sitaliandika hapa. Shemeji sijaongea naye kwa undani, huwa tunasalimiana tu, kwa heshima. Nitakwenda na mama watoto wiki hii.

Suala la muhtasari ndilo linanitisha zaidi. Kuna mwenye ujuzi?

Msaada wa Sheria Mtaani

Nipo. Nimefanya kazi ya msaada wa kisheria, ila usichukue maneno yangu kama ya wakili wako.

Kwanza, wanachotaka hakiwezekani kisheria hata kama ungekitaka. Ndoa yako ni ya Kikristo, ya mke mmoja. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 huwezi kufunga nyingine wakati hiyo ipo, ya kimila wala ya serikali. Pili, sheria hiyohiyo, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kukaa anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanaume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Kwa hiyo "mke wa ukoo" hayupo kwenye vitabu vya Jamhuri, ng'ombe wawe walitoka zizi gani.

Muhtasari wa kikao cha ukoo unaisaidia mahakama kuona kwamba ndugu wanafahamu na wamependekeza msimamizi. Lakini anayeomba usimamizi wa mirathi ni mtu, ukoo haufungui shauri. Shemeji anaweza kuomba mwenyewe, na asiyeridhika aende kuweka pingamizi mahakamani aeleze sababu zake. "Mjane amekataa kurithiwa" sidhani kama kuna mwenye ujasiri wa kuisema mbele ya hakimu.

Jambo la kuangalia sana ni hili. Mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia nini, ndipo iamue mali yake igawanywe kwa sheria ipi. Zile taratibu za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinambana mno mjane. Akiwa na watoto, hutegemea wao wamtunze. Kaka yako alifunga ndoa wapi? Kanisani? Basi cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo vya watoto, na majirani wanaojua alivyoishi ni vitu vya kutunza kuanzia leo. Na kabla ya kuchagua mahakama ya kufungulia shauri, muoneni wakili au kituo cha msaada wa sheria, kwa sababu mirathi ya Wakristo ina utata kuhusu mahakama ipi ianze.

Mwalimu wa Mafinga

Nimeelimika. Nafuta lile la kutamka kwa mdomo, maana kumbe ukitamka unawapa ushahidi kwamba familia inaishi kimila. La bima ya mjane nabaki nalo.

Mlima Rungwe Baridi

Ushauri wangu: jiuzulu uzee wa kanisa kwanza, halafu pambana na ukoo ukiwa huru. Usiliingize kanisa.

Bonde la Usangu

Akijiuzulu watasema ameshindwa na amekubali. Hapana. Apeleke barazani, kwa maandishi, akiomba wazee wenzake wawili waende naye kikaoni. Mchungaji akizuia, azuie mbele ya baraza, si ofisini mlango ukiwa umefungwa. Paulo aliliweka la Petro hadharani kwa sababu lilifanyika hadharani. Ila lugha iwe ya adabu, baba wadogo ni baba.

Baridi ya Isongole

Mrejesho. Tulikwenda mimi na mama watoto. Shemeji alimwandalia mke wangu kiti karibu yake, mimi nikaketi kule mbali. Alisema hataki kurithiwa na mtu yeyote, na kwamba alishawaambia shangazi zetu jambo hilo tangu msibani, hawakulifikisha. Anachotaka ni kubaki na watoto na kuvuna chai yake. Kuhusu kupima, amepima, na cheti cha ndoa ya kanisani anacho kabatini. Yuko tayari kuomba usimamizi yeye mwenyewe, mimi nimsindikize.

Barua ya baraza nimeiandika. Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Nitawaambia simrithi, na kwamba ada ya watoto na palizi la shamba nitashirikiana na mama yao. Mchungaji nilimwomba aje, amesema siku hiyo ana semina. Ndaga fijo, asanteni sana wote.

Kitimoto Mwanjelwa

Semina ya Jumamosi inayoishia saa ngapi? Jokes zangu pembeni, mkuu, nakuombea.

Mama Parachichi

Achana na mchungaji. Mpigie mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la kijijini leo hii, usingoje Ijumaa. Waje hata watatu, wakae ndani ya kikao, na shemeji akae katikati yao, asipelekwe jikoni. Wakimpa kazi ya kupika siku hiyo, mkeo ndiye aseme hapana.